Makaye saba mbele ya mlango wa mchapishaji



Tangu tulipotangaza kwamba mmoja wa kikundi cha Jumamosi amemaliza kuandika riwaya, tumepata maulizo mengi kuliko juma lile tulipoandika juu ya bei ya makala sokoni. Wengine walitaka kujua hadithi yenyewe inasema nini. Wengi zaidi walituvuta pembeni baada ya mkutano na kusema kwa sauti ndogo: hata mimi nina kaye yangu chini ya godoro, naipeleka wapi?

Basi juma hili tunaeleza yale tuliyojifunza tukimsindikiza mwenzetu. Jina lake hatulitaji, mwenyewe ameomba hivyo, na mbele mtaona sababu. Ni mjane, mshonaji wa nguo, mama wa watoto wanne. Aliandika usiku, watoto wakiwa wamelala, kwa mwanga wa simu pale umeme ulipokosekana. Makaye saba, biki ya bluu, na pembeni ya kurasa mahesabu ya vitenge vya wateja.

Tuseme kwanza kwamba jambo hili si geni kwa wamama. Mariama Bâ wa Senegali alikuwa mwalimu, mama wa watoto tisa, mwanamke aliyeachana na mume, na mtu wa vyama vya wanawake kule Dakar. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1979, naye akiwa na miaka 50. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Noma, na ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Leo kitabu hicho kinasomwa hata kwa Kiswahili, kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Kinazungumza juu ya mjane anayemwandikia rafiki yake. Mwenzetu aliposikia habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Huyu naye alikuwa anaandika saa ngapi?"

Kumaliza kuandika si kumaliza kazi. Hilo lilimuudhi, na tunamwelewa. Alipofunga kaye ya saba alitaka kwenda siber kesho yake. Sisi tukamwomba aiweke kando majuma manne, asiiguse. Kisha tukaanza kuisoma kwa sauti, milango miwili kila Jumamosi, wengine wakichambua maharagwe, wengine wakisuka. Tulikuwa na sharti moja tu: hakuna kusifu. Pale wamama walipoanza kuzungumza mambo mengine, yeye alipiga alama kwenye ukurasa. Pale waliponyamaza hata mikono ikasimama juu ya maharagwe, alipiga alama nyingine.

Mlango wa tatu ulipata alama nyingi za kwanza. Kurasa nne nzima zilikuwa mahubiri juu ya haki za wajane. Kila neno lilikuwa kweli, na kila mtu alikuwa anatazama dirishani. Mlango wa tano, ambapo mjane anakuta kufuli mpya kwenye mlango wa nyumba yake na anabaki nje na sufuria ya bugari ya moto mkononi, hakuna aliyekohoa. Yale mahubiri ameyatoa yote. Kufuli ile inatosha.

Kusoma kwa sauti kulileta mengine pia. Mtoto wa mjane alikuwa na miaka 6 mvua zilipoanza na miaka 9 kabla hazijaisha. Mama mkwe alikufa katika kaye ya pili, akapika sombe katika kaye ya sita. Tulicheka sana siku hiyo, naye alicheka kuliko wote, halafu akachukua karatasi kubwa na kuandika majina yote, umri, miezi na mahali. Karatasi hiyo iko bado ukutani karibu na mashine yake ya kushona. Anayeandika riwaya afanye hivyo mapema, inaokoa usiku mwingi.

Swali lililotuchukua muda kuliko yote ni la lugha. Kifaransa au Kiswahili? Na kama ni Kiswahili, kipi?

Kifaransa ndiyo lugha ya ofisi na ya masomo, na waandishi wa riwaya wa nchi yetu wengi wamepita njia hiyo, tangu Paul Lomami Tshibamba na Ngando yake ya mwaka 1948 hadi Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, ambaye Tram 83 yake ilitoka Paris mwaka 2014. Binti mmoja wa chuo kikuu alimwambia mwenzetu waziwazi: mama, kwa Kiswahili hawatakuchapisha Kinshasa. Katika hilo hakukosea sana. Lakini mwenzetu alijibu: "Shemeji hakunifukuza kwa Kifaransa." Tukaacha kubishana.

Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya mwaka 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Ila nyumba zinazochapisha riwaya za Kiswahili ziko hasa Dar es Salaam na Nairobi, na msomaji wa kule hasemi kama sisi. Yeye anasema watoto, sisi tunasema batoto. Makala kwake ni maandishi ya gazeti, kwetu ni kitu cha kupikia. Fikirini msomaji wa Dar es Salaam anayekuta mjane amebeba gunia la makala kichwani! Atadhani ameiba duka la magazeti.

Tulijaribu njia mbili. Kwanza tulisafisha kila kitu kiwe Kiswahili cha vitabu. Shemeji wa hadithi anasema katika kaye: "Hii nyumba njo ya kaka yetu, weye ulikuyaka na kasanduku tu." Tukamsafisha, akasema: "Nyumba hii ni ya kaka yetu, wewe ulikuja na sanduku dogo tu." Sentensi ya pili mwalimu angeipa alama zote, lakini yule mtu ametoka chumbani. Tumebaki na mwalimu.

Mwishowe mwenzetu aliamua hivi: yule anayesimulia anaongea Kiswahili cha vitabu, na watu wa hadithi wakifungua kinywa wanaongea kama Kadutu. Maneno ya kwetu kama sombe na makala yamebaki, lakini sentensi yenyewe inamwonyesha mgeni ni kitu gani. Mjane anashusha gunia la makala na mikono yake ni myeusi: yatosha. Hakuna haja ya kumwekea mtu kamusi nyuma ya kitabu. Kwa maoni yetu uamuzi huo ni mzuri, ingawa mama mmoja, aliyefundisha Kiswahili miaka mingi, hajakubali hadi leo, naye ana haki ya kusema.

Sasa tuje kwenye neno gumu. Hadithi hii si ya kubuni yote. Mwenzetu mwenyewe alifungiwa mlango, na maneno ya parsele ile bado yako mbele ya baraza. Katika makaye, shemeji alikuwa na jina lake la kweli, kazi yake ya kweli, na hata kovu lake la shavuni. Msomaji yeyote wa kartie angemjua kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Tulikaa juu ya jambo hili Jumamosi mbili nzima. Baadhi ya wamama walisema amtaje, aliyoyafanya aliyafanya hadharani. Wengine waliogopa, si kwa ajili ya kitabu, bali kwa ajili ya watoto, maana yule bado ni baba yao mdogo na bado wanasalimiana naye njiani. Mwenzetu mwingine, ambaye mume wake anafanya kazi ya kutetea watu mahakamani, alituletea jibu lililotulia: sheria zetu zina adhabu kwa anayeharibia mtu jina mbele ya watu, na mwandishi hawezi kujificha nyuma ya neno "riwaya" kama kila mtu anamtambua mwenyewe. Zaidi ya hayo, kesi ya parsele haijaisha, na wakili wa upande wa pili angefurahi sana kusoma kitabu hicho barazani.

Kwa hiyo shemeji wa hadithi sasa ana jina lingine, anauza dawa badala ya kazi yake ya zamani, hana kovu, na mji wake ni mwingine kando ya ziwa lingine. Jambo la ajabu ni kwamba amekuwa mtu zaidi. Alipokuwa yule wa kweli, alikuwa mbaya tu. Sasa kuna mahali katika kaye ya nne ambapo anakaa gizani akihesabu madeni ya marehemu kaka yake, na sisi, wamama wote tuliokuwa pale, tulimwonea huruma kwa dakika tatu hivi. Mwenzetu alikasirika alipoona hilo. Lakini hakulifuta.

Anayeandika juu ya ubaya aliotendewa mwanamke mwingine, hasa ule wa wakati wa vita, amuulize kwanza mwenyewe. Kubadili jina peke yake hakutoshi kama kijiji, mwaka na idadi ya watoto vimebaki vilevile.

Kupiga maandishi kwa mashine hakukuwa na shida kubwa. Kijana wa siber anahesabu kwa ukurasa, basi mpatane mapema ukurasa una mistari mingapi. Wachapishaji wengi wanataka yaleyale: karatasi ya A4, herufi za kawaida kama Times New Roman za ukubwa wa 12, mistari yenye nafasi katikati, pembe zote sentimeta mbili na nusu, namba kwenye kila ukurasa, jina na simu ya mwandishi kwenye ukurasa wa kwanza. Bila maua, bila rangi, bila picha ya jalada aliyochora mpwa wako. Makaye saba yakawa kurasa 218, maneno kama 61,000. Kijana alikosea mahali pengi, maana maneno ya Kadutu alikuwa anayasafisha mwenyewe bila kuulizwa! Tulisoma tena kila ukurasa na kaye kando.

Maandishi yalipokamilika aliyatuma kwenye anwani yake mwenyewe ya intaneti, akaweka nakala kwenye flashi iliyoko kwa mwenzetu wa avenyu nyingine. Kwa nyumba inayoweza kuungua au kufungiwa kufuli, hiyo si kazi ya bure.

Kisha: kumpelekea nani? Hapa kwetu wengi wanachanganya mpiga chapa na mchapishaji. Mpiga chapa ni fundi. Unamlipa, anakupa vitabu mia, unavibeba kichwani nyumbani, na kuviuza ni shida yako. Mchapishaji ni mtu anayeamini kitabu kiasi cha kuweka fedha yake mwenyewe: anakisahihisha, anakipiga chapa, anakiuza, na anakugawia sehemu. Kazi zote mbili ni za halali, lakini ujue uko mbele ya nani.

Kila mchapishaji ana aina yake. Tazama vitabu alivyokwisha kutoa kabla ya kumwandikia. Kinshasa, Mediaspaul, ambayo zamani iliitwa Saint Paul Afrique, ndiyo iliyotoa baadhi ya vitabu vya Zamenga Batukezanga ambavyo wengi wetu tulivisoma shuleni, na huko ni hasa Kifaransa na mambo ya dini na malezi. Dar es Salaam kuna Mkuki na Nyota, nyumba iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, ambayo inachapisha riwaya za Kiswahili. Nairobi nyumba kubwa zinaishi hasa kwa vitabu vya shule, kwa hiyo riwaya wanaipima pia kwa macho ya darasa.

Kuna pia mlango wa mashindano. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, imepokea miswada ambayo haijachapishwa bado. Mwaka 2015, mwaka wa kwanza wa washindi, riwaya iliyoshinda ilikuwa ya mwanamke, Anna Samwel Manyanza, kwa jina Penzi la Damu. Masharti hutangazwa kila mara upya, na yana urefu unaotakiwa na siku ya mwisho. Yasomwe neno kwa neno, maana mswada mzuri uliochelewa siku moja haufunguliwi.

Pamoja na mswada huenda barua na muhtasari. Barua ni ukurasa mmoja: mimi ni nani, riwaya inaitwaje, ina urefu gani, inahusu nini kwa mistari minne, na kwa nini nimewachagua ninyi. Barua ya kwanza ya mwenzetu ilianza kwa kuomba radhi kwamba hakusoma sana na kwamba yeye ni mama tu wa nyumbani. Tulifuta mistari yote hiyo. Mchapishaji hakuuliza. Muhtasari ni ukurasa mmoja au miwili, nao unasema hadithi yote pamoja na mwisho wake. Hapo aligoma: nikimwambia mwisho, atasoma kwa nini? Lakini yule si mteja wa dukani, ni mtu anayetaka kuona kama nguo imeshonwa hadi kwenye pindo. Mshonaji alielewa mfano huo.

Na fedha. Mapema mwaka huu, kabla hatujamaliza kusoma, nyumba moja ya ng'ambo iliyojitangaza kwenye simu ilimwomba mlango wa kwanza. Baada ya siku nne ilijibu kwamba kazi yake ni ya ajabu na kwamba kamati nzima imekubali. Alichotakiwa ni kutuma euro 900 za "kushiriki". Alikuja kwenye mkutano akiwa na furaha ambayo hatujaiona kwake tangu mazishi. Wamama wawili walipendekeza palepale tutoe fedha kwenye sanduku la AVEC, na wengine walikuwa tayari wamenyoosha mikono.

Yule wa mwenye mume wa mahakamani aliomba kusoma karatasi. Ilikuwa imeandikwa "compte d'auteur". Maana yake: mwandishi analipa gharama zote. Sheria ya Ufaransa yenyewe inasema wazi kwamba mapatano ya namna hiyo si mkataba wa uchapishaji. Tena karatasi ilimtaka awaachie haki zote, hata za tafsiri na za filamu, kwa maisha yake yote na zaidi. Kumsoma mlango mmoja, kukubali kurasa mia mbili ambazo hawajaziona, katika siku nne! Tulihesabu: euro 900 ni mtaji wa wamama wengi mezani pale. Fedha ya sanduku haikutoka. Mwenzetu alilia, na juma lililofuata hakuja. Tulikwenda kwake.

Mkataba wa kweli haumdai mwandishi kulipa wala kununua vitabu vyake. Unasema atapata sehemu gani, mara nyingi asilimia 8 au 10 ya bei ya kitabu, utahesabiwa lini, unahusu lugha zipi na nchi zipi, na haki zinamrudia vipi kitabu kikiacha kuuzwa. Tusidanganyane juu ya utajiri: kitabu cha dola 10 kikiuzwa nakala 300 kwa asilimia 10, mwandishi anapata dola 300, tena kidogokidogo. Juu ya hofu ya kuibiwa hadithi, ambayo tumeisikia kwa wengi, sheria ya Kongo juu ya haki za waandishi ipo tangu tarehe 5 Aprili 1986, na kazi uliyoiandika ni yako. Weka makaye yenyewe na barua ulizotuma zenye tarehe, huo ni ushahidi. Usimpe mtu yeyote kaye yenyewe. Mpe nakala.

Mswada wa mwenzetu uliondoka siku kumi na mbili zilizopita, kwa nyumba moja ya Kiswahili, kwa njia ya intaneti. Ameandika kwenye daftari dogo: tarehe, jina la nyumba, kilichotumwa, na nafasi tupu ya jibu. Jibu linaweza kuchukua miezi mitatu, sita, hata zaidi, na wengine hawajibu kabisa. Ikipita miezi minne ataandika barua fupi ya kuuliza, kisha atajaribu nyumba ya pili. Kwenye karatasi ya ukutani ameshaandika majina matatu.

Kwa wale wenye kaye chini ya godoro: kusoma kwa sauti kunaendelea Jumamosi, saa nane mchana, mahali petu pa kawaida, baada ya AVEC. Kila mmoja alete milango miwili na biki yake. Wanaoandika Kifaransa wanakaribishwa pia. Sharti la kutosifu liko palepale, na maharagwe ya kuchambua hayatakosekana.